Uzi maalumu: Bunduki za kwanza za mkononi Ulaya, na ile dakika ya kupakia iliyowatesa majemadari kwa miaka 300

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Nyuzi za silaha humu jukwaani ni nyingi, lakini karibu zote zinaanzia Vita Kuu ya Kwanza kuja huku. Leo nataka turudi nyuma sana, hadi wakati bunduki ilipokuwa bomba fupi la shaba nyeusi lililofungwa kwenye mti, kisha tuje taratibu mpaka miaka ya 1700. Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati, asingoje mwisho.

Hoja yangu naisema mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Wengi tumekua tukiamini kwamba bunduki ilipofika Ulaya, wapanda farasi wenye deraya (mavazi ya chuma ya vita) waliisha papo hapo. Haikuwa hivyo. Ilifika ikiwa silaha dhaifu, na ikabaki na udhaifu mmoja mkubwa kwa karibu karne tatu: ukishafyatua, umebaki na fimbo. Inakubidi umimine baruti mtutuni, utie risasi, uishindilie kwa mdeki (fimbo ya kushindilia), uweke baruti laini kwenye tundu la moto, uangalie kama moto wako bado uko hai, ndipo uinue tena. Hiyo ni dakika nzima kwa mtu mzoefu, na zaidi kwa mwoga. Aliyewahi kumwona mzee kijijini akipakia gobole anaijua dakika hiyo, maana hatua ni zile zile. Farasi anayekuja mbio hukata mita mia kadhaa kabla hujamaliza nusu ya kazi.

Kwa hiyo swali lililowasumbua majemadari lilikuwa hili: nani amlinde mpiga bunduki anapopakia? Waliopata jibu walishinda hata wakiwa wachache. Nitawaonyesha majibu yao moja baada ya jingine.

Tuanze na silaha yenyewe. Baruti ni ya Wachina, hilo halina ubishi. Mtutu wa mkononi uliochimbuliwa Heilongjiang unakadiriwa kuwa wa miaka ya 1280. Ulaya, picha ya zamani kabisa tunayoijua imo katika muswada wa Walter de Milemete wa mwaka 1326. Chombo chenye umbo la chupa kimelazwa juu ya meza, mtu mwenye deraya anakigusa nyuma kwa moto, na mdomoni kunachomoza mshale. Mwaka huo huo serikali ya mji wa Florence iliagiza mizinga na risasi zake za chuma.

Silaha ya kubebwa na mtu mmoja ilifuata. Mtutu uliookotwa Loshult, Sweden, mwaka 1861 una urefu wa sentimita 30 hivi tu, lakini unakaribia kilo 9, na bado una lile umbo la chupa. Ulinganishe na wa Tannenberg, Ujerumani. Ngome hiyo ya Hesse ilibomolewa mwaka 1399, na mwaka 1849 katika magofu yake ukapatikana mtutu wa shaba nyeusi, pembe nane kwa nje, urefu wa sentimita 32 hivi, uzito wa kilo moja na robo. Mimi naupenda sana mtutu huu, kwa sababu ngome iliyoanguka inatupa tarehe isiyo na mjadala: kufikia 1399 fundi wa Ulaya alishajua kutengeneza silaha ya moto ambayo mtu anaibeba siku nzima bila kuchoka.

Kuitumia lakini! Haikuwa na kifyatulio. Mti wake unaubana kwapani kwa mkono mmoja, mkono wa pili unashika kaa la moto au waya uliopashwa ukawa mwekundu, na macho yako lazima yaangalie tundu la moto, si adui. Kulenga hakupo. Unaelekeza tu kule kwenye watu wengi.

#2 · Mchangiaji

Mkuu, somo limenikaa. Ila kama kitu chenyewe kilikuwa hivyo, kwa nini hawakukitupa? Pinde za mtambo walikuwa nazo tayari, tena zinalenga vizuri na hazitegemei moto.

#3 · Mwanzisha uzi

Swali la haki kabisa. Sababu ya kwanza ni urahisi. Upinde wa chuma wenye mtambo wa kuuvuta ni kazi ya fundi bingwa; mtutu mfupi wa kusubu ni kazi nyepesi. Ya pili, mlio na moshi viliwatia farasi kiwewe. Ya tatu ni nguvu ya risasi ya karibu, hiyo nitaifikia.

Lakini jibu la kweli liko Bohemia, nchi ya Wacheki, na ndiko lilikopatikana jibu la kwanza la lile swali langu.

Mhubiri Jan Hus alichomwa moto Konstanz mwaka 1415. Wafuasi wake wakaasi, na mwaka 1420 ikatangazwa vita ya msalaba dhidi yao. Jeshi lao lilikuwa la wakulima na watu wa mijini, dhidi ya wapanda farasi waliofundwa vita tangu utotoni. Kiongozi wao Jan Žižka alikuwa mtu mzima tayari, askari mkongwe mwenye jicho moja. Akachukua magari ya kukokotwa na farasi, yale ya kubebea mazao, akayapigilia mbao nene ubavuni zenye matundu, akayafunga gurudumu kwa gurudumu kwa minyororo. Hiyo ikawa ngome inayotembea.

Ndani ya kila gari palikuwa na watu kama 18 hadi 20: wapinde wa mtambo kadhaa, wapiga bunduki wawili, wenye mikuki, na wenye fimbo za kupuria nafaka zilizopigiliwa misumari. Mpiga bunduki akishafyatua anainama nyuma ya mbao na kupakia kwa utulivu. Jirani yake mwenye upinde anaendelea. Farasi akikaribia, hawezi kuruka gari. Anasimama, na aliyesimama ndiye anayepigwa. Sudoměř, Machi 1420, watu 400 hivi wenye magari 12 waliwazuia wapanda farasi waliowazidi mara kadhaa.

Mwaka 1421 Žižka alipoteza jicho la pili katika mazingiwa ya Rábí, akaongoza vita akiwa kipofu kabisa. Desemba ya mwaka huo alikuwa amezingirwa na jeshi la mfalme Sigismund, adui mkuu wa Wahussi, pale Kutná Hora. Akayapanga magari kwa safu na kupasua njia usiku, bunduki na mizinga midogo vikifyatuliwa kutoka magarini. Alikufa 1424 kwa maradhi, si kwa adui.

Mwisho wa mtindo huo unathibitisha hoja yangu kuliko hata ushindi wake. Lipany, Mei 1434, Wahussi wenye msimamo mkali walipigwa na Wacheki wenzao waliokuwa wanajua mbinu hizo. Hawakuyavunja magari. Walijifanya wanakimbia, walio ndani wakatoka kuwafukuza, na walipokuwa uwanja wazi mchezo ukaisha. Bunduki zao zilikuwa zile zile za jana.

#4 · Mchangiaji mwingine

Mwanzisha uzi, kabla hujaenda mbali tuelezee baruti yenyewe. Walikuwa wanaipata wapi? Mtu hawezi kupigana miaka 14 bila kiwanda.

#5 · Mwanzisha uzi

Umenigusa penye ugumu. Baruti ni vitu vitatu: makaa, kiberiti na shura, yaani ile chumvi inayoukoleza moto. Makaa yapo kila mahali. Kiberiti kinachimbwa. Shura ndiyo tabu. Ulaya haikuwa na shura nyingi ya asili kama Bengal, ikawabidi waikamue kwenye udongo uliolowa mkojo na samadi: chini ya mazizi, kwenye vyoo, kwenye mabanda ya njiwa. Uingereza walikuwepo watu wa shura wenye kibali cha mfalme, wakiingia kwenye mazizi na nyumba za watu na kuchimba sakafu, na wananchi waliwachukia kweli kweli. Mwaka 1626 mfalme Charles I alitoa tangazo akiagiza watu wahifadhi mkojo wao na wa wanyama kwa ajili ya kazi hiyo. Ilipofika katikati ya karne ya 17 meli zilipoanza kuleta shura kwa wingi kutoka India, ndipo sakafu za watu zikapumzika.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi vya kutosha. Baruti ya mwanzo ilikuwa unga tu. Ukiusafirisha kwenye gari linalorukaruka, vile vitu vitatu vinatengana, na unyevu unaingia haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1400 mafundi wakaanza kuulowesha, kuukanda, kuukausha, kisha kuuvunjavunja uwe chembechembe. Chembe zina nafasi katikati, moto unapita upesi, nguvu inaongezeka sana na unyevu hauingii kirahisi. Kwangu hiyo ilibadilisha mambo kuliko umbo lolote jipya la bunduki.

Karibu wakati huo huo likaja lile lililokosekana. Muswada mmoja wa mwaka 1411 uliohifadhiwa Vienna unaonyesha mkono wa chuma wenye umbo la S uliofungwa ubavuni mwa bunduki. Juu unabana utambi, yaani kamba iliyochovywa kwenye maji ya shura ili iwake polepole bila kuzimika. Chini unauvuta kwa vidole, utambi unashuka kwenye baruti. Sasa macho yako huru. Kitako kikarefuka kufika begani, mtutu ukarefuka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1400 tunayo ile bunduki inayoitwa arkebusi.

Utambi ulikuwa na shida zake. Mvua ikinyesha, hamna vita. Usiku cheche zake zinawaonyesha mlipo. Na mtu mwenye moto mkononi amebeba baruti kifuani. Ajali zilikuwa nyingi.

#6 · Mwanzisha uzi (naendelea)

Sasa Italia. Hapa nitakaa kidogo, wakuu, kwa sababu ndani ya miaka 22 tu ulimwengu wa vita uligeuka.

Aprili 28, 1503, Cerignola, kusini mwa Italia. Mhispania Gonzalo Fernández de Córdoba anawakabili Wafaransa wenye wapanda farasi bora Ulaya nzima pamoja na mamluki wa Uswisi, wale wa mikuki mirefu ambao kwa miaka mingi hakuna aliyewasimamisha. Gonzalo alifika kwanza kwenye kilima chenye mashamba ya mizabibu. Chini yake palikuwa na mtaro. Akaamuru upanuliwe uwe handaki, udongo wake urundikwe nyuma uwe ukuta, na wapiga arkebusi wakae nyuma ya ukuta huo. Tena mapema kabisa ghala lake la baruti lililipuka, mizinga yake ikawa haina faida. Akabaki na handaki na arkebusi.

Duke wa Nemours, jemadari wa Wafaransa, akaja mbio na wapanda farasi wake, akakuta handaki ambalo hakulijua. Hakuweza kuruka, akageuka kulifuata ubavuni akitafuta pa kuvukia, na hapo akapigwa risasi akafa. Waswisi wakafuata kwa miguu, wakakwama pale pale, na kamanda wao akauawa. Gonzalo akaamuru watu wake watoke na kumalizia kazi. Kwa jioni moja Wafaransa walipoteza maelfu.

Mtaro wa shamba. Hilo ndilo lilikuwa jibu la pili: ardhi imlinde anayepakia.

Bicocca, kaskazini ya Milan, Aprili 27, 1522. Waswisi walikuwa hawajalipwa, wakamwambia jemadari wao Mfaransa Lautrec awalipe, awaruhusu waende kwao, au awapeleke vitani kesho. Akawapeleka. Mbele yao palikuwa na barabara iliyozama ardhini, nyuma yake ukuta wa udongo, na juu ya ukuta wapiga arkebusi wa Marquis wa Pescara, jemadari wa upande wa Hispania, katika safu nne. Inasimuliwa kwamba safu iliyofyatua ilipiga magoti kupakia ili ya nyuma yake ifyatue. Waswisi wapatao 3,000 walikufa, wengi wao ndani ya ile barabara, wakiwamo makamanda wao karibu wote. Upande wa pili ulipoteza watu wachache sana. Waswisi waliendelea kupigana Ulaya kwa miaka mingi baadaye, lakini ule ujasiri wa kukimbilia chochote kilicho mbele haukurudi.

Na Pavia, Februari 24, 1525. Hapa hapakuwa na handaki. Alfajiri yenye ukungu, ndani ya bustani kubwa ya kuwindia, mfalme Francis I wa Ufaransa aliongoza wapanda farasi wake mwenyewe, akakata mbele ya mizinga yake hata ikashindwa kupiga. Wapiga arkebusi wa Pescara wakawa wametawanyika kwenye miti na vichaka, wakipakia nyuma ya shina na kufyatua wakiwa huru. Wakubwa wa Ufaransa walianguka mmoja mmoja: La Trémoille, La Palice, Bonnivet. Farasi wa mfalme akauawa, mfalme akakamatwa akapelekwa Hispania mateka. Watu waliodharauliwa, wengi bila hata jina la ukoo, walikuwa wamewaua mabwana ambao kwa karne nyingi walikuwa wakikamatwa tu na kukombolewa kwa fedha.

Chuki ya mabwana hao haikufichwa. Bayard, aliyesifiwa Ufaransa kama shujaa asiye na doa, aliwachukia wapiga arkebusi, na ni risasi ya arkebusi iliyomuua mwaka 1524 karibu na mto Sesia. Blaise de Monluc, aliyepigwa risasi usoni Rabastens mwaka 1570, aliandika akitamani silaha hiyo isingebuniwa kamwe.

#7 · Mchangiaji

Ndugu, mimi nina pingamizi. Waingereza na upinde wao mrefu walikuwa wanarusha mishale kumi kwa dakika. Hawana hiyo dakika ya kupakia unayoisema. Kwa hoja yako mwenyewe upinde ulitakiwa ushinde.

#8 · Mwanzisha uzi

Mkuu, pingamizi lako ni zito na wazee wa Uingereza walilisema kabla yetu. Katika miaka ya 1590 Sir John Smythe aliutetea upinde kwa nguvu zote, na Humfrey Barwick na Roger Williams wakamjibu kwa upande wa bunduki.

Angalia gharama ya mpiga upinde. Meli ya Mary Rose ilizama mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, ikiwa na pinde zaidi ya 130. Kuzivuta nyingi zilihitaji nguvu ya kilo 45 na kuendelea. Miongoni mwa mifupa iliyokutwa humo iko ya mabega ambayo haikuungana kawaida, alama ya mwili uliovutishwa upinde tangu utotoni. Mtu wa namna hiyo anaandaliwa miaka kumi. Mpiga bunduki anaandaliwa kwa wiki chache.

Halafu kuna njaa na maradhi. Upinde unatumia nguvu za mwili wa askari. Baada ya miezi ya kutembea, kulala kwenye tope na kuhara, mkono ule hauvuti tena. Baruti haijali aliyeshika bunduki amekula au hajala. Na kwa deraya, Graz nchini Austria kuna ghala la silaha la tangu karne ya 17, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walizijaribu bunduki zake za zamani. Risasi zilitoka kwa kasi ya zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Shabaha ilikuwa dhaifu, na kasi inapotea upesi kwa sababu risasi ni ya duara, lakini kwa karibu deraya nyingi hazikuihimili. Mwaka 1595 serikali ya Uingereza iliacha kuwapokea wapinde katika vikosi vya wananchi.

Kwa hiyo nakukubalia hivi: upinde ulikuwa bora mikononi mwa mpinde bora. Wafalme walihitaji maelfu ya watu wa kawaida.

#9 · Mchangiaji, kada ya afya

Naomba niongeze upande wangu, maana hakuna aliyegusa majeruhi.

Madaktari wa wakati huo walifundishwa na maandishi ya Giovanni da Vigo kwamba jeraha la risasi lina sumu ya baruti, na dawa yake ni kulichoma kwa mafuta yanayochemka. Mwaka 1537 kijana Ambroise Paré alikuwa na jeshi la Ufaransa Piedmont, ikiwa vita yake ya kwanza. Majeruhi wakazidi, mafuta yakamwishia. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki. Usiku hakulala kwa hofu kwamba atawakuta wamekufa kwa sumu. Alfajiri akawakuta hao wametulia, maumivu kidogo, wamelala vizuri. Waliochomwa walikuwa na homa na uvimbe mkubwa. Mwaka 1545 akachapisha matokeo hayo kwa Kifaransa, lugha ya vinyozi wapasuaji kama yeye, wasiojua Kilatini. Kwa sisi tunaohudumia vidonda, huyo ni mtu wa kuheshimiwa: aliwatazama wagonjwa wake, akayaamini macho yake kuliko kitabu.

#10 · Mwanzisha uzi

Ahsante sana dada/kaka, hilo sikuwa nimelipangia nafasi na lilistahili.

Tuje kwenye moto. Mapema miaka ya 1500 ilizuka bunduki ya gurudumu: unalivuta gurudumu la chuma kwa ufunguo, ukifyatua linazunguka na kusugua jiwe la pairiti, cheche zinawasha baruti. Hakuna utambi. Sasa silaha inaweza kukaa imepakiwa mfukoni au kwenye tandiko, na hapo bastola ikazaliwa. Mwaka 1515 kule Konstanz kijana mmoja kutoka Augsburg alikuwa akiichezea bunduki ya kujiwasha ndani ya nyumba, ikamfyatukia mwanamke kidevuni; alitakiwa kulipia matibabu na kumpa yule mama fungu kila mwaka maisha yake yote. Mfalme Maximilian alizipiga marufuku mwaka 1517, bila mafanikio. Julai 10, 1584, William wa Orange, kiongozi wa Waholanzi walioasi dhidi ya Hispania, aliuawa nyumbani kwake Delft kwa bastola ya aina hiyo.

Jeshini ilibaki ya wapanda farasi, kwa kuwa mtambo wake ulikuwa ghali na mgumu kutengeneza. Askari wa miguu aliendelea na utambi.

Na silaha yake ikawa nzito zaidi. Mwaka 1567 Duke wa Alba, jemadari wa Hispania, alipokwenda Uholanzi aliweka katika kila kikosi watu 15 wenye musketi: bunduki ya kilo 7 hadi 9, inayopumzishwa juu ya mti wenye panda, risasi ya gramu 40 hadi 50. Ilitoboa deraya zilizoizuia arkebusi. Lakini kupakia kulichukua muda zaidi, na hakuna jeshi linaloweza kutembea na handaki lake. Wahispania wakajibu kwa tercio, kikosi cha maelfu ambamo wenye mikuki mirefu husimama katikati kama msitu na wapiga bunduki hukaa pembeni, wakikimbilia chini ya mikuki farasi wakija. Jibu la tatu: wenzako wakulinde.

La nne lilitoka Uholanzi, kwa karatasi. Desemba 8, 1594, Willem Lodewijk wa Nassau alimwandikia binamu yake Maurice, jemadari wa Waholanzi, barua yenye mchoro, wazo akiwa amelitoa kwa waandishi wa kale wa vita vya Wayunani na Warumi. Safu ya mbele inafyatua, inageuka na kurudi nyuma kabisa kupakia, ya pili inafyatua, na kuendelea. Ukiwa na safu za kutosha, ya kwanza inarudi mbele ikiwa tayari. Dakika haikufupishwa, iligawanywa kwa watu.

Linaonekana jepesi ukiwa umekaa. Mkabili adui anayekuja, kisha umpe mgongo kwa hatua zilizohesabiwa, bila kukimbia. Ndiyo maana Maurice aliwafanyisha watu wake mazoezi kila siku, na mwaka 1607 Jacob de Gheyn akachapa kitabu cha michoro kilichovunja upakiaji wa bunduki katika hatua zaidi ya 40, kila moja na amri yake. Gwaride unaloliona leo uwanjani lina mzizi wake pale. Nieuwpoort, mwaka 1600, jeshi hilo liliishinda Hispania uwanja wazi. Mfalme Gustavus Adolphus wa Sweden akapunguza uzito wa musketi na idadi ya safu, na Breitenfeld mwaka 1631 safu zake tatu zilifyatua kwa mkupuo mmoja: wa mbele wamepiga magoti, wa pili wameinama, wa tatu wamesimama.

#11 · Mchangiaji kutoka pwani

Mwalimu, na hawa Wareno waliokuja kwetu walikuwa na bunduki za aina gani?

#12 · Mwanzisha uzi

Mwaka 1505 Francisco de Almeida alipoziteka Kilwa na Mombasa, watu wake walikuwa na mizinga ya meli, pinde za mtambo na bunduki za utambi za mwanzo kabisa. Watu wa Mombasa walikuwa na mishale na mawe, pamoja na mizinga waliyoiopoa kutoka meli ya Wareno iliyozama. Ndani ya vichochoro bunduki haikuwapa Wareno nafuu kubwa. Moto waliowasha mjini ndio uliofanya kazi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Ethiopia. Mwaka 1541 Cristóvão da Gama, mwana wa Vasco, alitoka Massawa na Wareno 400 kumsaidia mfalme wa Ethiopia. Imam Ahmad ibn Ibrahim, aliyekuwa akipigana na mfalme huyo, naye akapata mamia ya wapiga bunduki kutoka kwa Waturuki. Mwaka 1542 Wareno walipigwa Wofla na Cristóvão akauawa. Februari 21, 1543, Wayna Daga, Imam naye akaanguka kwa risasi. Kwa muda ule pembe ya Afrika ilikuwa na bunduki za kisasa sawa na Italia.

#13 · Mwanzisha uzi (kipande cha mwisho)

Yamebaki mawili. Moto kwanza: karibu mwaka 1610 fundi Marin le Bourgeoys wa Lisieux, Ufaransa, aliunganisha mbinu zilizokuwepo akapata mtambo wa gumegume (jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche) ulio rahisi na imara. Majeshi yalichelewa kuuchukua kwa sababu ya bei. Mpaka miaka ya 1690 na kuendelea ndipo utambi ukaondoka kabisa.

Pili, kisu cha bunduki. Cha kwanza kilichomekwa ndani ya mdomo wa mtutu, kwa hiyo ukikiweka huwezi kufyatua. Killiecrankie, Scotland, Julai 27, 1689, askari wa serikali chini ya jenerali Mackay walifyatua mkupuo wao, na kabla hawajachomeka visu Wahighland, waasi wa milimani Scotland, walishawafikia na mapanga. Walianguka kwa mamia ndani ya dakika chache. Wakati huo huo mhandisi wa kijeshi Vauban kule Ufaransa alikuwa akihimiza kisu chenye pete inayovaa nje ya mtutu: kinakaa, na bado unapakia na kufyatua. Mpiga bunduki akawa mwenye mkuki wake mwenyewe. Ufaransa iliacha mikuki mirefu mwaka 1703.

#14 · Mchangiaji

Mkuu, na mitutu yenye mifereji ndani? Nasikia ilikuwepo zamani hizo na ilikuwa na shabaha kali. Mbona hujaitaja?

#15 · Mwanzisha uzi

Ilikuwepo Ujerumani tangu miaka ya 1500, na kwenye mashindano ya shabaha ilipendwa sana. Lakini ili risasi izunguke lazima iibane mifereji, na risasi inayobana inagongwa kwa nyundo kuingia. Badala ya dakika moja unahitaji hata tatu. Ilibaki kwa wawindaji na vikosi vidogo vya walenga shabaha mpaka mwaka 1849, Mfaransa Claude-Étienne Minié alipopata risasi inayoteleza kirahisi ikishuka, kisha inatanuka kwa nguvu ya baruti na kuibana mifereji ikitoka.